Mkono wangu unatia sukari kabla mimi sijaamua

Fundi wa Ngamiani – Jumapili, saa 3:10 usiku

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Kibanda changu kiko Ngamiani, na mwaka huu natimiza miaka 22 nikishonea palepale. Nashona sare za shule, kanzu, na mashela ya harusi msimu ukifika. Nina miaka 49. Mwezi wa sita nilipimwa sukari kabla sijatia kitu mdomoni, ikasoma 9.4. Nikarudi baada ya siku chache, 9.1. Daktari akanieleza kwamba kuanzia 7 mtu akiwa hajala, hicho tayari ni kisukari. Akaniandikia vidonge, akaniambia nitembee na nipunguze sukari.

Vidonge nameza na kutembea natembea. Swali langu ni kuhusu mkono wangu.

Kila siku mke wangu hunijazia chupa ya chai ya rangi yenye mchaichai. Ikifika saa nne naimimina. Kikopo cha sukari kinakaa kushoto kwa cherehani, pembeni ya boksi la pini, na kimekaa hapo tangu nifungue kibanda. Namimina, nafungua kikopo, vijiko vinne, nakoroga, nakunywa, narudi kwenye kitambaa. Saa saba hivyohivyo, saa kumi hivyohivyo, na nyumbani usiku kikombe kimoja tena.

Jumanne iliyopita niliamka na nia. Alfajiri, baada ya swala, niliomba kwa jambo hilohilo. Saa nne nikamimina chai huku nikimweleza mteja jinsi nitakavyomkatia gauni lake, na nilipokuja kushtuka nilikuwa kwenye kijiko cha tatu. Ndugu zangu, sikuwa nimetamani sukari. Ningekuwa na hamu ningesema nafsi imenishinda, nikatubu, nikajaribu tena. Lakini sikuhisi hamu yoyote, wala sikushindana na kitu. Mkono ulikuwa unafanya kazi yake tu, mimi nikiwa mahali pengine.

Nikaanza kuuangalia mguu. Nina kijana ninayemfundisha, ana miezi mitatu. Yeye bado anahesabu: bana kitambaa, zungusha gurudumu kwa mkono, kanyaga. Akikosea kidogo gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Mimi naweza kupiga upindo wa sketi nzima nikisimulia mechi ya Coastal Union, na upindo ukatoka umenyooka. Mguu wangu ndio unaonilisha kwa sababu hauniulizi kitu. Sasa ikiwa mkono unaotia sukari ni wa namna hiyohiyo, nitauzuiaje?

Na jambo la pili, ambalo limenishangaza miaka yote. Ramadhani nzima chai ya saa nne haipo, na wala siikumbuki. Kufikia siku ya tatu au ya nne saa nne inapita kama saa nyingine yoyote. Siku 29 au 30 zote. Halafu Idi inapita, nafungua kibanda, na asubuhi ya kwanza kabisa kikombe kiko mkononi na vijiko vinne vimo, kana kwamba ule mwezi haukuwapo.

Kuna aliyesomea mambo haya anieleze? Nataka kujua kinachotokea, nikikijua nitajua pa kukishika.

---

Kijana wa Mabibo – Jumapili, saa 3:45 usiku

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa maradhi. Mimi nijuavyo tabia yoyote hubadilika kwa siku 21. Chukua kalenda, piga alama kila siku, ukifika 21 umemaliza. Nilifanya hivyo kwa kuamka saa kumi na moja kwenda kukimbia, na mpaka leo nakimbia. Nia ikiwa ya kweli mkono utatii.

---

Mwalimu wa Saikolojia – Jumapili, saa 5:20 usiku

Kaka yangu Fundi, wa aleikum salaam, na pole sana. Nafundisha saikolojia katika chuo cha ualimu na ninaandika usiku huu kwa sababu swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Umetazama mwenyewe, ukaona kwamba hamu na mazoea ni vitu viwili. Watu wengi hawafiki hapo.

Nianze na mwanangu wa Mabibo. Marahaba, na hongera kwa kukimbia. Lakini hizo siku 21 hazikutoka kwenye utafiti wa tabia. Zilitoka kwa daktari wa upasuaji wa sura huko Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Neno "angalau" likaanguka njiani, na sura mpya ikageuka kuwa kila tabia. Waliokuja kupima hasa ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Watu 96 walichagua kila mmoja kitu kidogo cha kufanya kila siku baada ya tukio fulani, kwa mfano kunywa maji baada ya kifungua kinywa, wakafuatiliwa wiki 12. Muda wa katikati hadi kitu kile kuzoeleka ulikuwa siku 66. Aliyewahi sana, 18. Aliyechelewa sana alikadiriwa angefika 254. Kunywa maji kulizoeleka mapema, mazoezi ya mwili yalichukua muda zaidi. Na kuna moja linalonifurahisha kila nikilifundisha: aliyekosa siku moja hakuharibikiwa, mazoea yake yaliendelea kujengeka.

Na Fundi mwenyewe ana mwezi mzima wa Ramadhani, kila mwaka, kwa miaka 22. Kama siku zenyewe ndizo zinazofuta, chai ya saa nne ingekuwa imekufa zamani.

Sasa mkono wako. Mwaka 1890 William James, mmoja wa waanzilishi wa saikolojia Marekani, aliandika sura nzima juu ya mazoea, na ndani yake alimnukuu Mfaransa Léon Dumont kwa mfano ambao wewe utauelewa kuliko mimi: nguo ikishavaliwa kwa muda huukaa mwili vizuri kuliko ilipokuwa mpya, kwa sababu kitambaa chenyewe kimebadilika. Wakati ule hawakuwa na njia ya kuchungulia ndani ya ubongo, lakini walikuwa wamekaribia.

Walioweza kuchungulia ni watafiti kama Ann Graybiel wa chuo kikuu cha MIT, Marekani. Panya waliwekwa kwenye njia yenye umbo la T, upande mmoja una chokoleti. Siku za mwanzo chembe za ubongo katika sehemu fulani ya ndani kabisa zilikuwa na shughuli muda wote panya alipokuwa akitembea, ananusa, anachagua. Njia ilipozoeleka, shughuli ile ilikusanyika mwanzoni, mlango unapofunguka, na mwishoni, anapofika. Katikati kimya. Wewe unaposhona unafunga uzi mwanzo wa mshono na unafunga mwisho, kati yake mguu unajiendea. Ubongo nao ulishachukua namimina-nafungua-natia-nakoroga ukavishona viwe kitu kimoja. Mlio wa chai kikombeni ndio mlango unaofunguka. Ukishasikika, vijiko vinne viko njiani tayari, na wewe huitwi kuamua chochote kwa sababu kwa ubongo wako hakuna kilichobaki cha kuamuliwa.

Ndiyo maana hukuhisi hamu. Kuna jaribio la watafiti David Neal, Wendy Wood na wenzao, la mwaka 2011, lililofanywa ndani ya ukumbi wa sinema. Watu walipewa bisi. Wengine walipata bisi za siku hiyo, wengine za wiki nzima iliyopita, zimelegea, hazina ladha, na waliokula walikiri wenyewe kwamba hazifai. Waliozoea kula bisi kila waendapo sinema walikula za zamani kiasi kilekile ambacho wenzao walikula zile mpya. Mdomo ulisema mbaya, mkono ukaendelea. Lakini watu wa aina hiyohiyo walipowekwa kwenye chumba cha mikutano, wakatazama video za muziki, waliacha zile mbovu. Na katika sinema ileile, walioambiwa wale kwa mkono wasiouzoea waliacha pia. Mkono usiozoea hulazimika kuuliza, na ukiuliza, wewe unajibu.

Ramadhani yako iko hapohapo. Hupambani na chai mwezi huo, umeondolewa kila kinachoiita: chupa haiji, mke hajazi, wateja wanakuja saa tofauti, kikombe kiko nyumbani kabatini. Mtafiti Lee Robins alifuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alisema kule alikuwa mtumwa wa heroini. Baada ya mwaka mmoja nyumbani, katika hao waliokuwa watumwa, waliorudi utumwani walikuwa kama 5 katika 100. Serikali yao ilijiandaa kwa balaa ambalo halikuja. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni kwamba hawakurudi mahali palepale, kwa watu walewale, kwa saa zilezile. Wewe kila Idi unarudi mahali palepale, na kikopo kinakusubiri pembeni ya boksi la pini.

Kwa hiyo acha kupanga vita ya saa nne. Saa nne ni kuchelewa. Nenda kesho asubuhi, kabla hujakaa, ukiondoe kikopo hicho kibandani kabisa. Kirudi nyumbani. Badilisha na kikombe kama unaweza, au kaa mlangoni unapokunywa. Kisha upe mkono kazi nyingine papo hapo, uitaje kwa maneno kamili: nikishamimina chai, nitachukua punje ya iliki. Mwanasaikolojia Mjerumani, Peter Gollwitzer, alionyesha, na wengi wamerudia baada yake, kwamba mtu aliyesema "ikitokea hiki nitafanya kile" hutekeleza zaidi sana kuliko aliyesema "nitajitahidi".

Mguu wako usiuguse. Huo uache ulivyo.

---

Fundi wa Ngamiani – Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Mwalimu, nimesoma mara tatu, mara ya tatu nimemsomea mke wangu kwa sauti. Mungu akulipe.

La mkono wa kushoto sitalifanya, kula na kunywa kwetu ni kulia, lakini nimekuelewa. Shida yangu ni jinsi vitu vilivyopangwa kibandani.

Hiyo nguo ya yule Mfaransa imenigusa, ila mimi ningeongeza. Mteja akileta suruali nipanue kiuno, nafumua mshono wa zamani na kupiga mpya. Suruali inamkaa. Lakini ukiinua kitambaa ukaangaza kwenye jua, matundu ya sindano ya zamani yote yanaonekana, na kitambaa kikivutwa hupenda kukunjika palepale pa zamani. Vitambaa vingine hata upige pasi vipi. Je, na mazoea ni hivyo? Yanafumuka lakini matundu yanabaki? Maana kama yanabaki ni bora nijue mapema.

Kikopo nimekibeba kurudi nyumbani. Nimetoka nacho sasa hivi.

---

Semi Tunduma – Jumatatu, saa 4:50 usiku

Fundi, salamu kutoka Makambako, niko kwenye foleni ya mizani. Sijasoma saikolojia, lakini hilo la matundu naliweza.

Nilivuta sigara miaka 14, zote barabarani, bandarini Dar hadi Tunduma na kuvuka hadi Lubumbashi. Mwaka 2019 nilivunjika mguu nikakaa nyumbani Mbeya miezi minane. Sigara haikunipita mdomoni. Hata mashemeji wakivuta barazani nilikaa nao bila shida. Niliwaambia watu nimeacha, na nilikuwa sisemi uongo.

Siku niliyorudi kazini nilitoka Dar na mzigo wa mabati, nikapita Chalinze, sigara haiko akilini kabisa. Nikafika mizani ya Mikese. Foleni. Nikazima injini, nikavuta hendibreki, na mkono wangu wa kulia ukapanda kwenye mfuko wa shati. Mfuko mtupu. Nilibaki nimeshika kitambaa cha shati, moyo unadunda. Na hapo ndipo hamu ilipokuja, Fundi. Mkono ulitangulia, hamu ikafuata nyuma. Kabla ya mkono kupanda nilikuwa mtu asiyevuta.

Niliposhindwa ni hapa nilipo leo, Makambako, usiku, baridi. Nilinunua moja kwa mtoto anayeuza kwenye beseni. Moja ikawa pakiti kabla sijafika mpakani.

Safari ya tatu utingo wangu ndiye aliyeligundua, kijana mdogo tu. Akasema, mkuu, wewe huvuti ukiwa unaendesha, unavuta ukivuta hendibreki. Miaka 14 mimi mwenyewe sikuwa nimeliona. Basi nikaanza hivi: nikivuta hendibreki nafungua mlango, nashuka na kipande changu cha nondo, nagonga tairi moja baada ya moja. Tairi 22. Nikimaliza foleni imesogea. Mwanzoni niligonga huku nikiitamani sigara mpaka mate yananijaa. Sasa nimefika mahali hata nikivuta hendibreki nyumbani na gari ndogo ya shemeji naona mguu umeshatafuta chini.

Mwaka wa tano huu. Lakini Makambako usiku bado huwa nahisi kitu kifuani. Kidogo, ila kipo. Matundu yapo, Fundi.

---

Kijana wa Mabibo – Jumanne, saa 2:05 asubuhi

Nimejifunza sana, asanteni. Mwalimu, nikuulize kwa heshima: kwa hiyo nia haina kazi? Maana nimekulia nikiambiwa mtu ni nia.

---

Mwalimu wa Saikolojia – Jumanne, saa 3:30 usiku

Mwanangu, nia ina kazi kubwa sana, na Fundi ameifanya jana saa moja asubuhi alipotoka kibandani kurudisha kikopo nyumbani. Ule ni uamuzi wa mtu aliye macho, aliyetulia, ambaye hana chai mbele yake. Tulichozoea ni kuidai nia saa nne, mteja akiongea, mkono ukiwa umeshaanza. Hapo tunaionea. Wendy Wood niliyemtaja aliwahi kuwapa watu saa zinazolia kila baada ya muda ili waandike walichokuwa wakifanya na walichokuwa wakiwaza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Karibu asilimia 43 ya waliyoyafanya yalikuwa ni mambo wanayoyafanya karibu kila siku, mahali palepale, mara nyingi mawazo yakiwa kwingine. Karibu nusu ya siku ya binadamu! Nia ya mtu mmoja haiwezi kusimama lindo nusu ya siku. Lakini inaweza kupanga meza asubuhi.

Na wewe mwenyewe, tazama kukimbia kwako. Nadhani viatu unaviweka mlangoni usiku.

Fundi, na kaka yetu wa Makambako: ndiyo, matundu yanabaki. Hili limejulikana tangu mwanasayansi Mrusi Pavlov na mbwa wake. Mbwa aliyezoeshwa kudondokwa na mate akisikia ishara ya chakula, ukiipiga ishara mara nyingi bila chakula, mate hukoma. Ukidhani amesahau, mwache apumzike, upige tena, na mate yanarudi. Baadaye mtafiti Mark Bouton alionyesha kwa panya kwamba kinachozoeleka chumba kimoja na kukomeshwa chumba cha pili hurudi mara mnyama anaporudishwa chumba cha kwanza. Ubongo haufuti. Unashona mshono mpya juu ya ule wa zamani, na mshono mpya unashika zaidi mahali uliposhonewa. Kwa hiyo dereva alipoacha sigara Mbeya, aliiacha Mbeya. Mikese hakuwa ameiachia bado. Ilibidi aiachie Mikese, na Makambako, na kila mizani.

Nalisema hili kwa upole kwa sababu nimeona watu wengi wanaorudi nyuma siku moja wakijiona hawana thamani, na wengine huacha hata dawa kwa aibu hiyo. Mume wangu alikuwa mmoja wao, kwa pombe. Alipoanguka siku ya Pasaka kwa kaka yake, mahali walipokuwa wakinywea tangu ujana, alikaa wiki nzima hazungumzi na mtu. Laiti ningejua wakati ule kumwambia kwamba hakuwa ameanza upya. Alikuwa amefika mahali ambapo mshono mpya haujafika.

---

Nesi Mstaafu – Jumatano, saa 12:40 jioni

Fundi, mimi nilikaa kliniki ya kisukari miaka mingi, nitaongeza machache ya hesabu. Kijiko kidogo kisichofurika ni takriban gramu 4. Vijiko vinne, vikombe vinne, ni gramu 64 kwa siku kwenye chai peke yake. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 mtu mzima asiye mgonjwa asizidishe sehemu ya kumi ya nguvu anayokula kwa sukari ya kuongezwa, na bora zaidi nusu ya hapo, ambayo ni kama gramu 25. Basi ujue uzito wa kile kikopo.

Vidonge vyako vifunge kwenye jambo lisilokosekana. Wagonjwa wangu waliosema "nitameza asubuhi" walisahau. Mama mmoja wa Korogwe alisema "nikikunja mswala nakwenda jikoni, nakunywa uji, nameza", na kwa miaka niliyomwona hakuwahi kupungukiwa hesabu ya vidonge. Mswala kwake ulikuwa ndiyo saa.

Na ukisikia kizunguzungu, jasho la ghafla, mikono kutetemeka, hilo si la mazoea: pima, na mwone daktari. Usijitoe dawa kwa sababu vipimo vimekuwa vizuri.

---

Fundi wa Ngamiani – baada ya wiki saba, Ijumaa, saa 2 usiku

Nimerudi niwape habari zangu.

Siku ya kwanza bila kikopo nilimimina chai, na mkono ukaenda kushoto ukafungua boksi la pini. Nilikuwa nimeshashika kijiko tayari. Niliangalia zile pini muda mrefu. Siku ya pili tena boksi la pini. Siku ya nne nilihamisha na boksi lenyewe, maana nilihofia siku moja nitajidhuru. Iliki ya Mwalimu naiweka kwenye kikopo cha filamu ya kamera cha zamani, mfuko wa kulia. Nikimimina natoa punje moja, naipasua kwa jino, natia.

Wiki ya pili niligundua kwamba bado nakoroga. Hakuna sukari, hakuna cha kukoroga, na kijiko kinazunguka. Kijana wangu ndiye aliyeniuliza, fundi unakoroga nini. Nikaacha kuja na kijiko.

Usiku nyumbani ndiko kulikuwa kugumu, kwa sababu pale kikopo lazima kiwepo, watoto wanakunywa. Mke wangu akachukua jukumu: chai yangu inakuja imeshamiminwa, kikombe kingine, cha bati, na mimi nakaa barazani badala ya mkekani ndani. Nimeshangaa jinsi kukaa mahali pengine kulivyoniondolea kazi nzima.

Nimeanguka mara moja. Fundi mwenzangu wa barabara ya juu alifiwa, akaniomba nimshikie kibanda siku mbili kwa sababu ya sare za wateja. Cherehani yake iko kama yangu, na kikopo chake kiko kushoto. Sikuwa nimekiona nilipokaa. Saa nne mke wake akaniletea chai, nikamimina, na vijiko vinne viliingia nikiwa nahesabu vifungo. Nilijua kwa ulimi. Zamani ningejilaumu mpaka Ijumaa. Safari hii nilikumbuka Mikese, nikamwaga chai, nikaenda kumkabidhi yule mama kikopo mkononi, nikamwambia kwa nini. Naye akaniambia kumbe marehemu baba mkwe alikuwa na kisukari pia, miguu ikamwondoka mmoja mmoja. Tulikaa tukazungumza mpaka adhuhuri.

Vidonge vimefungwa kwenye mswala, Nesi, asante sana. Wiki iliyopita kipimo kabla ya kula kilisoma 7.2. Daktari amesema dawa na kutembea vina sehemu yao, na mimi nakubali.

Ninachotaka kusema zaidi ni juu ya yule kijana. Gurudumu halimrudi nyuma tena, ana wiki mbili hajakata uzi, na jana nilimsikia akipiga upindo huku akiimba. Lakini nilimtazama saa nne. Anamimina, anatia vijiko vinne. Amezaliwa kwa watu wasiotia sukari kiasi hicho, mama yake namjua. Vijiko vile ni vyangu, aliviokota kwangu pamoja na namna ya kushika mkasi.

Basi nimemwomba kikopo chake akiweke rafu ya juu kule mlangoni, penye mabunda ya vitambaa. Leo chai yake ilipokuwa tayari aliinuka, akatembea hatua zile sita, akasimama kidogo mbele ya rafu na kijiko mkononi, kisha akarudi na viwili.